Punda Aliyefungwa Kibwebwe

Mimi ni Msambaa wa Vugiri, na kule nilikokulia mzigo unabebwa kichwani. Punda nilimwona kwenye kitabu cha shule, picha moja tu, tena mkia haukuonekana vizuri. Kwa hiyo mtu akinicheka leo kwamba nimeishia Handeni, nimepiga magoti kwenye samadi nikitazama kitovu cha mtoto wa punda kwenye kioo cha mashine, mimi mwenyewe nacheka kabla yake. Pale mjini ninapokunywa chai asubuhi wananiita daktari wa vitovu. Nikivuta kiti tu, mmoja anauliza, "Daktari, jana umekata vingapi?" Sikati vitovu. Nimeshawaambia mpaka nimechoka. Naviangalia.

Acha nieleze kidogo, maana bila hivyo hutaelewa nilivyogombana na bibi. Mtoto wa punda akizaliwa, kile kikamba cha kitovu kinakatika chenyewe na kipande kinabaki kinaning'inia tumboni. Hicho kila mtu anakiona. Wasichokiona ni kwamba kwa ndani mishipa bado ipo: mmoja mnene unakwenda kwenye ini, miwili inarudi nyuma kandokando ya kibofu, na katikati kuna kijimrija cha mkojo. Mambo yakienda vizuri, vyote hivyo vinasinyaa siku hadi siku mpaka vinakuwa nyuzi. Yakienda vibaya, uchafu unapanda humo ndani kimyakimya, unatunga usaha, na kwa nje unaona mtoto anarukaruka kama kawaida. Baada ya wiki unamkuta amelala, magoti yamevimba, na hapo hata uje na dawa ya dunia nzima umechelewa. Kazi ya altrasaundi ni kuona mapema. Ni kama ile wanayopimiwa wajawazito, ila yangu ni ndogo, inaingia kwenye mkoba, na imelizoea vumbi la Handeni kunishinda mimi.

Bibi ninayemsimulia anakaa mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka mjini, upande ule ambao mvua inapita juu ikielekea kwa wengine. Ni Mzigua. Wazigua na sisi Wasambaa ni watani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hakuniogopa wala hakunionea haya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Msambaa. Umeshuka na baridi yako uje uniulie punda kwa kichomi?"

Punda mwenyewe alikuwa jike la umri mkubwa, ndilo lililoteka maji lamboni kwa ajili ya bibi na nyumba tatu za jirani, madumu manne kila safari. Lilikuwa limeshazaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alikufa kabla ya wiki ya pili kwisha. Bibi alinieleza hayo bila kupamba. Safari hii alikuwa amefunga fundo moja kwenye kamba kila mwezi ulipoandama, mpaka mafundo yakafika kumi na mawili, na siku jike lilipozaa alinipigia simu kabla hata mtoto hajasimama. "Njoo na hiyo televisheni yako," akasema, akakata.

Nilimkuta mtoto amesimama. Dume, masikio yake yanamzidi yeye mwenyewe, miguu kila mmoja una mawazo yake. Bibi alimtazama jinsi watu wanavyotazama mboga za kwanza baada ya kiangazi.

"Huyu nataka awe baba," akaniambia. "Maji atateka, sawa, lakini kwanza awe baba. Dume lililobaki hapa kijijini, baba yake huyu, nalo limeshahasiwa, majike yanazeeka bure. Nataka punda wote wa hapa watoke kwa huyu."

"Akiishi," nikasema. Ndiyo ubaya wa udaktari, unasema la kweli saa isiyotakiwa.

"Ataishi. Kama hataishi, wewe ulisomea nini?"

Tukaanza kazi. Bibi alimkumbatia mtoto kifuani kwa mkono mmoja na kumshika mkia kwa mkono wa pili, kama nilivyomwelekeza. Dereva wangu wa bodaboda, baba wa watoto watano na mtu mwoga kuliko wote niliowaajiri kwa siku, alimshika mama punda kamba akiwa amesimama mbali iwezekanavyo. Nikapaka jeli tumboni, nikaweka kipimo, nikaelekeza kioo upande wa bibi.

Bibi akainama, akatazama, akanitazama mimi. "Mbona hamna kitu? Mawingu matupu. Hapa si Vugiri kwenu asubuhi?"

Dereva akacheka mpaka mama punda akakasirika. Nikamwonyesha bibi duara jeusi ndani ya mawingu yale: huo ndio mshipa unaokwenda kwenye ini, na uko vizuri. Akaweka kidole chake cha mwisho juu ya kioo, akapima. Ulikuwa sawasawa na kidole kile. Akaridhika. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia milimita zangu, alipima kwa vidole vyake, na sijawahi kumkuta amekosea kwa kiasi cha maana.

Kabla ya kuondoka nilimpa chupa ya ayodini na masharti. Achovye asubuhi, achovye jioni. Asipake majivu, asipake samli, asipake samadi, asipake chochote atakachoshauriwa na jirani. Kitovu kikae wazi, kipigwe na hewa, kidondoke chenyewe. Akasema amesikia. Nikamwambia arudie. Akarudia yote bila kukosea neno, halafu akamgeukia dereva. "Baba, hivi umeniletea daktari au umeniletea mwalimu mkuu?"

Niliondoka nikijiona. Siku zile nilikuwa nikiona nafanya kazi nzuri ninaimba kwenye pikipiki, na dereva anavumilia.

Siku ya nne nikarudi. Mtoto alikuwa amesimama, lakini hakukimbia aliponiona, na mtoto wa punda mwenye siku nne anatakiwa akimbie hata akiona kuku. Kitovu kwa nje kilikuwa na unyevunyevu. Manyoya ya tumboni yalikuwa yamelala mstari mmoja, yamezunguka mpaka mgongoni, kama kiuno cha mtu aliyevua sketi ya kubana. Niliuona mstari ule kwa macho yangu haya mawili, nikadhani alilalia kamba. Ndiyo akili ya daktari hiyo, ina vyeti.

Nikaweka kipimo. Lile duara halikuwa jeusi tena, lilikuwa limejaa mvurugiko wa kijivu, na ukuta wake umekuwa mnene. Bibi akaleta kidole cha mwisho, hakikutosha. Akaleta cha shahada, hakikutosha. Akaweka gumba.

"Imekuwa gumba," akasema taratibu.

"Naona!"

Hapo nikaanza kugomba. Mimi nikiogopa nagomba, mama yangu ananijua, mume wangu ananijua, sasa na punda wakanijua. Niligombeza zizi kwa unyevu ambao haukuwepo. Niligombeza mbuzi waliolala pembeni. Nilimgombeza dereva kwa kupitia njia yenye vumbi, kana kwamba kuna nyingine. Nikaipiga mashine kofi. Bibi alisimama ameshika mtoto wake, hajibu. Mtani akinyamaza ujue kuna jambo. Mimi sikujua, nilikuwa nasikiliza sauti yangu.

Nikamchoma mtoto sindano, nikamwambia bibi nitakuja kila siku mpaka aone ninachosha. Nikaja. Siku ya tano gumba, siku ya sita gumba. Mtoto alikuwa ananyonya kidogo, kisha anasahau kwamba anasimama, anajikuta amekaa. Siku ya sita jioni goti moja la mbele lilikuwa na joto nilipoligusa. Sikumwambia bibi, lakini aliona nimeligusa mara mbili. Njia nzima sikuimba. Watoto wawili wa jike lile walikuwa wamekufa kabla yangu, na sasa wa tatu alikuwa anakufa mbele yangu na sijui kwa nini. Roho iliniuma sana.

Siku ya saba nilikuwa na kikao Korogwe, kwa hiyo niliamua nipite kwa bibi mapema kabla ya kwenda. Sikupiga simu. Tulifika jua linachomoza, bibi hakutegemea mtu, na pale zizini nikamkuta amepiga magoti, anafungua fundo.

Mtoto wa punda alikuwa amefungwa khanga. Kipande cha khanga ya kisutu, kimechanwa vizuri kwa urefu, kimezungushwa tumboni mara mbili, kimekazwa, fundo juu ya mgongo. Kile kitovu nilichosema kipigwe na hewa kilikuwa humo ndani, kimebanwa kwenye kitambaa kilicholowa mkojo. Ule mstari wa manyoya niliudhani wa kamba. Kumbe kila siku, bibi akisikia pikipiki yangu kwa mbali, anamvua, na nikiondoka anamvisha.

"Bibi! Hiki nini?"

"Nguo."

"Naona ni nguo!"

Dereva akaja kuchungulia, akashika mlango wa zizi kwa mikono miwili. "Daktari, punda kafunga kibwebwe. Yuko njiani kwenda ngomani." Akacheka peke yake. Nikamwambia akaangalie mafuta ya pikipiki.

"Bibi, nilikwambia nini? Si ulirudia maneno yangu yote?"

"Uliniambia nisipake. Sijapaka."

"Nilikwambia kikae wazi!"

"Ni dume," akasema.

"Naona ni dume."

"Sasa kikidondoka kikamdondokea pale?" Akaelekeza kwa kidevu, palipo na udume wa punda.

Nadhani hakuna aliyelelewa huku kwetu asiyeelewa alichosema. Mtoto wa kiume kitovu chake hakidondoki hivihivi. Kinalindwa, kwa sababu kikianguka juu ya uume wake, inasemwa kwamba akikua hataweza kuzaa. Kina mama wanamgeuza mtoto, wanampakata upande, wanaweka kitambaa katikati. Sijawahi kusikia mtu amemfanyia punda. Lakini ukifikiria, kama unaamini kwa mtoto, kwa nini usiamini kwa punda unayetaka awe baba wa kijiji?

Nikafungua kinywa nimpe somo. Nilikuwa na somo zuri, lenye vijidudu na unyevu na mishipa. Halikutoka. Nilimkumbuka mwanangu wa kiume alipozaliwa. Mama yangu aliteremka kutoka Vugiri akakaa nami, na kwa siku tisa mimi na yeye tulipokezana kumlinda mtoto kitovu, mmoja anakula, mwingine anakodoa macho. Nilikuwa tayari daktari wa mifugo. Nilikuwa nimeshaona vitovu vya ndama vimeanguka kila mahali, na ndama wale wamekuwa mafahali wenye kiburi. Na bado nililinda. Nikamwambia bibi hivyo hivyo, kwa sababu uongo ungenikaa kooni.

"Wewe?" akauliza. "Na vyeti vyako?"

"Na vyeti vyangu."

"Na mimi nililinda wa kwangu wote watatu wa kiume," dereva akasema kutoka kwenye pikipiki, ambako hakuwa akiangalia mafuta. "Mke wangu sikumwamini."

Nilidhani tutacheka. Bibi hakucheka. Alikuwa amemwekea mtoto wa punda mkono shingoni, na akaongea akimwangalia yeye, si mimi.

"Wa kwangu sikumlinda," akasema. "Nilikuwa na mmoja tu wa kiume. Maji yaliisha, nikakimbia lamboni, nikamwacha amelala. Niliporudi kilikuwa kimeshadondoka, kimekaa palepale. Nikakitoa, nikanyamaza. Lakini wifi yangu alikuwa mlangoni, aliona."

Mtoto yule sasa ni mtu mzima, fundi pikipiki Korogwe. Alioa, hawakupata mtoto, wakaachana. Akaoa tena, hawakupata. Wifi akasimulia alichokiona, ukoo mzima ukajua, na tangu hapo kila aliyemtazama bibi alimtazama kama mtu aliyekwenda kuteka maji. Mwanawe akaacha kuja. Sabuni na sukari anatuma kwa basi, yeye haji. Hakuna aliyewahi kumpima, wala kuwapima wale wanawake. Ya nini kupima, na sababu inajulikana?

"Huyu sitaki nimharibu," bibi akasema.

Nililia kidogo, sifichi. Halafu nikawasha mashine, maana kulia hakukaushi usaha. Nikamwambia bibi aweke gumba lake kwenye kioo, nikamwonyesha ule mvurugiko wa kijivu, nikamwambia ni usaha na kitambaa ndicho kinachoulisha. "Ukiendelea kumfunga hatadondokewa na kitu," nikasema. "Atazikwa dume kamili."

Mtu mwingine nisingemwambia hivyo. Mtani unamwambia. Akanitukana kwa Kizigua, kirefu, dereva akakataa kunitafsiria.

"Na nikimfungua kikamdondokea? Sema kweli, Msambaa. Kweli mtoto anaharibika?"

"Haharibiki, bibi. Hakuna kitu kama hicho."

"Basi wa kwako ulimlindia nini?"

Hilo swali halikuwa kwenye mitihani yangu. "Niliogopa," nikasema.

"Haya. Na mimi naogopa."

Tukakubaliana hivi: khanga inavuliwa, lakini kitovu kinalindwa kwa macho. Bibi akatoa kigoda, akakaa zizini na tawi la kufukuzia nzi. Akienda kula, jirani anakaa. Jirani akienda kuteka maji, mwingine anakaa. Nyumba tatu zile zote zinazokunywa maji ya yule jike zilipewa zamu. Mtoto akilala, aliyeko zamu anamgeuza aegemee upande ulio salama. Niliwakuta wanawake wa makamo, watu wazito wenye wajukuu, wamekodolea macho tumbo la punda kama wanasubiri matokeo ya uchaguzi. Sikucheka. Nilicheka njiani.

Sindano ziliendelea, ayodini iliendelea. Siku ya tisa goti lilipoa. Siku ya kumi na moja gumba likawa kubwa mno, bibi akaweka cha shahada, kikatosha. Akakiinua kidole kile, akawaonyesha jirani zake. Mtoto akaanza kunyonya kwa fujo, akimgonga mama yake kwa kichwa, na siku moja akaja mbio akampiga dereva wangu teke la paja. Nilifurahi kupita kiasi, dereva akanuna.

Siku ya kumi na nne ilikuwa karibu tufike kidole cha mwisho. Tulimlaza mtoto chini ili nione mishipa ya nyuma vizuri. Bibi alishika kichwa, jirani miguu. Nikapaka jeli kwa ukarimu, nikapitisha kipimo, nikarudisha, nikapitisha, na kitovu kikang'oka. Kilikuwa kimeshakauka, kilikuwa kinasubiri sababu. Kikateleza juu ya jeli yangu, taratibu, wote watatu tunakitazama na hakuna mwenye mkono wa kukidaka, kikaenda kukaa palepale.

Siku saba za vigoda na matawi, na aliyekiangusha ni mimi.

"Msambaa," bibi akasema. Hakumalizia.

Kidonda kilikuwa safi, kikavu, kimefunga vizuri. Mtoto aliinuka akajikung'uta akaenda kunyonya. Kwa udaktari siku ile ilikuwa ya ushindi. Lakini bibi alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki akaniambia, "Ahsante sana, daktari. Mungu akubariki." Nilihisi kama nimepigwa. Hakuna adhabu kama mtani wako kukufanyia adabu. Kila nilipokuja kupima ikawa karibu daktari, chai iko hapa daktari, safari njema daktari. Mishipa ilisinyaa ikawa nyuzi, nikamwonyesha, akasema vizuri daktari. Nilitamani anitukane hata kidogo.

Tukasubiri. Hakuna dawa ya kumharakisha punda akue. Mwaka wa kwanza alikuwa mpumbavu mwenye afya. Mwaka wa pili alianza kuteka maji pamoja na mama yake, madumu mawili, na kulia asubuhi kwa sauti iliyomkera kila mtu isipokuwa bibi. Kila nilipopita njia ile nilimuulizia. "Hajambo, daktari. Tunaangalia." Najua alichokuwa anaangalia. Mimi pia nilikuwa naangalia, na nitasema ukweli wote: kuna siku nilijikuta namwombea punda.

Mwaka wa tatu ulikuwa umeanza simu ilipoita. "Njoo na televisheni," akasema, akakata.

Alikuwa punda wa jirani, jike ambalo halijawahi kuzaa. Kumpima punda mimba kipimo hakiwekwi tumboni, kinapita mlango mwingine, na dereva wangu alipoona navaa glavu ndefu mpaka begani akakumbuka ana mtu wa kumwona barabarani. Bibi alisimama kando ya kioo. Alikuwa amepungua mwili, lakini macho yalikuwa yaleyale. Nikatafuta. Mawingu, mawingu. Halafu duara jeusi, kubwa, na ndani yake kitu cheupe kidogo kimejikunja, na katikati ya kile kitu pakicheza, haraka haraka.

"Hicho kinachocheza?"

"Moyo."

Akaweka kidole juu ya kioo. Hakuwa anapima. "Wa kwake?"

"Bibi, dume lingine si mmelihasi wenyewe?"

Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, hakutafuta kigoda. Nilivua glavu, nikanawa, nikapanga vitu kwenye mkoba, bado amekaa. Nilidhani anaumwa. Hatimaye akasema, "Msambaa." Miaka miwili na zaidi nilikuwa sijaitwa hivyo. "Ukienda kwenu unapita Korogwe?"

"Napita, bibi."

"Karibu na stendi kuna fundi pikipiki." Akanielekeza, kona kwa kona, mahali ambapo mwenyewe hakuwahi kufika. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Ulivyokidondosha kile kitovu, na kilipokaa. Na leo umeona nini. Mimi nikimwambia atadhani najitetea."

Jumamosi yake nikashuka Korogwe. Nilimpata bila shida, ana kidevu cha mama yake, na nywele zimeanza mvi. Alikuwa amelala chini ya pikipiki ya mtu. Nilijitambulisha kama daktari wa punda wa mama yake, akatoka mbio akidhani naleta msiba. Nikamwambia si msiba. Nikamsimulia nikiwa nimesimama, tangu kibwebwe mpaka vigoda. Alicheka kwenye kibwebwe, alicheka zaidi kwenye zamu za wanawake. Nilipofika kwenye jeli akaacha kucheka.

"Palepale?"

"Palepale. Mimi na mama yako tuliona kwa macho yetu."

"Na sasa?"

"Na sasa kuna jike la jirani lina mimba yake. Nimeona moyo unapiga. Mama yako ameugusa kwa kidole."

Akachukua kitambaa akaanza kufuta mikono. Alifuta kidole kimoja kimoja, na mafuta yalikuwa yameshatoka, bado anafuta.

"Mimi sikuwahi kumlaumu," akasema. "Watu wanadhani namlaumu. Nikienda nyumbani ananipikia, anakaa mbele yangu, ananiangalia ninavyokula. Yale macho yake, daktari. Ndiyo yaliyonishinda."

Akaniuliza nitarudi lini kumpima yule jike. Nikamwambia Jumatatu, nimeshamwahidi bibi.

"Jumatatu usiende," akasema. "Jumatatu nakwenda mimi."